Ng'ombe wachungwe ndani ya msitu wa Mau au wabaki nje?

MlimaElburgon: Sitaki siasa, nauliza hali ya hewa. Ng'ombe akimaliza miche, mti mzee ukianguka hauna mrithi. Mwanya unafunguka, jua linakausha udongo mchana, na usiku usio na mawingu joto lote linapaa, sakitu, ule umande ulioganda, inaunguza nyasi. Watu wa Molo mnaijua. Sasa tufunge malisho au tuache?

BintiKuresoi: Wanaomjua ng'ombe kwa pakiti ya maziwa ndio wa kwanza kumfukuza msituni. Sisi tunalipia kila kichwa, kila mwezi. Risiti ninazo.

MlimaElburgon: Pakiti? Dada, mimi nimekamua tangu utotoni!

KijanaKaptembwo: Amekamua nini, mpira? 😂

MwalimuNjoro: Turudi kwenye swali. Kule Patagonia, Argentina, wanalisha ng'ombe na kondoo chini ya miti ya asili iitwayo ñire. Wanaipunguza tu ili nyasi ipate mwanga. Inayobaki inakata upepo, na joto halipandi wala kushuka kwa ghafla. Kivuli na malisho vinakaa pamoja, mradi miche ikingwe.

MzeeWaNessuit: Mwalimu, hiyo Patagonia iko upande gani wa Njoro? Huko kunaanguka theluji. Hapa tuna miti ya mutarakwa na podo, na mianzi. Kwato zikipita njia moja kila siku udongo unakuwa lami. Mvua hainywewi, inateremka na tope mpaka Mto Njoro, kisha ziwani Nakuru.

BintiKuresoi: Kwato, kwato! Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa kwenye msitu wa serikali. Mzee, ni ng'ombe wangu aliyeshika kalamu?

MzeeWaNessuit: Sijasema wako, mama. Mbona unawaka?

KijanaKaptembwo: Kwani dada unao wangapi? Kuna makundi mle ndani yanachungwa na vijana wa kuajiriwa, mwenyewe yuko Nairobi, akikutana na ng'ombe wake barabarani atampigia honi.

BintiKuresoi: Wanne, na mmoja ana mimba. Njoo uhesabu.

MwalimuNjoro: Jamani, kuna aliyewahi kupima joto saa nane mchana, chini ya podo na pale palipo wazi? Ndiyo mada.

KijanaKaptembwo: Pima wewe, Mwalimu. Sisi tunataka majina ya wenye yale makundi.

MzeeWaNessuit: Majina ya nini, kijana? Wenyewe wamo humu humu, wanasoma.