Klemu (madai ya malipo kwa bima) ya kupandikiza ngozi imerudi, namba za bili 15100 na 15120 zimenichanganya. Naombeni msaada

mama_wawili_tx
Hamjambo jamani. Mimi ni Mkenya niko huku Texas, nilifaulu mtihani wa CPC (wa kuweka namba za bili za matibabu) mwaka jana na sasa nina miezi 4 kwa ofisi ya madaktari wa upasuaji, mimi ndio naweka namba kwenye bili. Nimekwama na kesi moja na imeninyima usingizi.

Mgonjwa ni mama, mtu mzima, alimwagikiwa na mafuta ya kukaangia, moto wa digrii ya tatu, mguu wa kulia. Daktari akampandikiza ngozi, ile nyembamba sio ya unene wote. Kwa ripoti ameandika kidonda cha muundi ni sentimita 14 kwa 12, kidonda cha juu ya wayo ni 8 kwa 6, ngozi ilichotwa paja la kushoto kipande cha 15 kwa 10 kikapitishwa kwenye mashine ya matundu 1.5 kwa 1. Mimi nikachukua 15 kwa 10 nikapata 150, nikaandika 15100 mara moja na 15101 (nyongeza ya eneo linalozidi) mara moja na modifaya 51 juu yake (modifaya ni alama ya tarakimu mbili ya kufafanua namba, 51 ni ya taratibu zaidi ya moja). Kwenye namba ya utambuzi wa jeraha nikaweka herufi D mwishoni (ya matibabu ya kufuatilia) kwa sababu alikuwa ameshaonwa emajensi wiki moja nyuma.

Bima imelipa mstari wa kwanza peke yake, wa pili wamekataa na sasa wanataka ripoti ya upasuaji. Mbaya zaidi mgonjwa ametumiwa barua kwamba anadaiwa, akapiga simu ofisini analia, na mimi najua hilo deni si lake ni kosa langu. Nimekosea wapi? Na pia wiki ya tatu anarudi theatre, kuna kipande cha gotini daktari alisema toka mwanzo atakimalizia baadaye, hiyo naiandikaje?

koda_wa_usiku
Pole sana dada. Tulia, hii inarekebishika.

Kosa la kwanza na ndio kubwa, umepima ngozi iliyochotwa. Hapa hupimi kilichotoka pajani, unapima kidonda kinachopokea. Muundi 14 kwa 12 ni sentimita mraba 168, wayo 8 kwa 6 ni 48.

Kosa la pili naona limetoka kwenye lugha yetu yenyewe na mimi pia liliwahi kunikamata. Kwetu mguu ni mguu, kuanzia nyonga mpaka vidoleni, na mkono hivyo hivyo, kuanzia begani mpaka kucha. CPT (orodha ya Marekani ya namba za huduma za matibabu) haikati mwili namna hiyo. Kiwiliwili, mikono mpaka kwenye kifundo na miguu mpaka kwenye kifundo ni kundi moja, hilo ndilo la 15100. Uso, kichwa, shingo, masikio, sehemu za siri, viganja, nyayo na vidole ni kundi jingine, hilo ni 15120. Kwa hiyo mtu wako kwa Kiswahili ameungua mguu mmoja lakini kwa CPT ana sehemu 2, na sehemu za makundi tofauti hazijumlishwi. Zingekuwa muundi na paja ungejumlisha eneo lote ukaandika kama moja.

Sasa hesabu: muundi 168, zile 100 za kwanza ni 15100, zilizobaki 68 ni 15101 yuniti 1, hata kama hazijafika 100 kwa sababu maelezo ya ile namba yanasema kila 100 ya ziada au sehemu yake. Wayo 48 ni 15120 yuniti 1, 15121, nyongeza yake, huigusi. Na 51 iondoe kabisa kwenye 15101, namba za nyongeza hazibebi 51.

Halafu kuna hela mmeziacha mezani. Daktari kabla ya kubandika alikata ngozi iliyokufa? Kama alikata, kuna 15002 na 15003 kwa muundi na 15004 kwa wayo, hizo ni za kuandaa kidonda na zinaandikwa pamoja na grafti (ngozi inayopandikizwa).

Angalizo, zile sentimita 100 ni za watu wazima na watoto kuanzia miaka 10. Akija mtoto wa miaka 4 unatumia asilimia ya mwili, 1% badala ya sentimita 100, kwa hiyo usichukue rula kabla hujaangalia tarehe ya kuzaliwa.

nesi_wa_theatre
Mimi si mtu wa bili, ni nesi wa theatre, Mtanzania niko Ohio, lakini ngoja nieleze kwa nini wanapima kidonda na sio kipande maana ukishaona kwa macho huwezi kusahau tena. Dermatomu, kifaa cha kuchotea ngozi, inachota utando mwembamba sana, ule utando tunaupitisha kwenye mashine inautoboa matundu unakuwa kama wavu, ukiuvuta unatanuka. Kipande chako cha sentimita mraba 150 kikitanuka mara 1.5 kinafika kama 225, na vidonda vyako viwili jumla ni 216, ndio maana daktari alichota kiasi kile na kikatosha. Angetumia 3 kwa 1 angechota kipande kidogo kuliko hicho kwa kidonda kile kile. Sasa ukipima kilichochotwa, malipo yanabadilika kwa sababu ya mashine wakati jeraha la mgonjwa ni lile lile.

Na pajani hakushonwa, si ndio? Ngozi nyembamba inaacha tabaka la chini, paja linajifunika lenyewe kama wiki 2 hivi (na wagonjwa wanasema linauma kuliko kidonda chenyewe, mwambie mama huyo avumilie). Kwa hiyo hapo pajani hakuna namba ya kuongeza. Ile ya unene wote ndio lazima mahali ilipotoka pashonwe.

bibi_modifaya
Nakubaliana na koda_wa_usiku kasoro kitu kimoja, naomba mwanangu usiandike 15004 kwa kusikia hapa. Rudi kwenye ripoti usome neno kwa neno. 15002 mpaka 15005 zinataka ukataji, yaani daktari amekata gamba la moto au kovu au kidonda chenyewe mpaka akafika kwenye nyama iliyo hai. Kama ameandika hivyo kwa muundi na kwa wayo ameandika tu ameosha na kupangusa kwa gozi, basi muundi unapata 15002 na 15003 yuniti 1, wayo haupati kitu. Nimeona watu wanaiweka kila mahali penye grafti, ukaguzi ukija hela inarudishwa yote.

Ripoti ikiwa haieleweki, muulize daktari kwa maandishi, na muulize swali lililo wazi, "wayo ulitayarishwaje?", usimwandikie jibu ukataka asaini tu. Akiongeza maelezo yawe na tarehe ya siku anayoyaandika na sahihi yake.

Utambuzi nao una shida. Herufi D sio kwa sababu ameshaonwa na mtu mwingine. A inakaa muda wote matibabu yenyewe yanaendelea na kupandikiza ngozi ni matibabu yenyewe. Kwa hiyo T24.331A kwa muundi wa kulia, T25.321A kwa wayo wa kulia, halafu T31 ya ukubwa wa moto mwili mzima, kama ni chini ya 10% ni T31.0, na X10.2XXA ya mafuta ya kupikia. Kila mstari uuelekeze kwenye utambuzi wake, 15120 ikielekezwa muundini itarudi tena.

Kabla hujatuma pitisha 15100 na 15120 kwenye jedwali la NCCI (la jozi za namba zisizolipwa pamoja). Kama jozi imezuiwa ila modifaya inaruhusiwa, weka modifaya 59 au XS kwenye ile inayobanwa, sababu ipo, ni sehemu tofauti. Usiiweke kama haihitajiki.

La wiki ya tatu: grafti hizi zina siku 90 za uangalizi baada ya upasuaji, ndani yake kila kitu cha kawaida cha upasuaji ule kimeshalipwa. Lakini kama daktari aliandika toka siku ya kwanza kwamba goti atalifanya awamu ya pili, hiyo ni modifaya 58, inalipwa na siku 90 zinaanza upya. Lisilopangwa, kwa mfano damu imejaa chini ya grafti wakamrudisha theatre, hiyo ni 78, hapo wanalipa sehemu ya upasuaji tu na siku hazianzi upya. Hakikisha huo mpango wa goti umo ndani ya ripoti ya kwanza, ukiwa kichwani mwa daktari tu hautakusaidia.

mama_wawili_tx
Mungu awabariki. Nimefungua ripoti saa hii. Muundi ameandika amekata gamba mpaka kwenye mafuta, wayo "umesafishwa" basi. Na goti liko pale sentensi ya mwisho kabisa, atalifanya baada ya uvimbe kupungua. Bibi nimemtumia daktari swali la wayo vile umesema, bila kumwekea jibu. Sasa nikate rufaa ama nitume upya?

bibi_modifaya
Ni bima ya kampuni au Medicare (ya serikali, hasa ya wazee)?

mama_wawili_tx
Ya kampuni, kupitia kazi ya mume wake.

bibi_modifaya
Basi si rufaa, kosa ni letu si lao. Tuma klemu ya marekebisho, kisanduku cha 22 cha fomu ya klemu, CMS-1500, weka 7 (ya kubadilisha klemu ya awali) pamoja na namba ya klemu ya kwanza, ambatanisha ripoti. Ukituma kama mpya wataiona ni nakala waikatae. Angalia na siku zao za mwisho za kupokea marekebisho, kila kampuni ina zake. Na leo hii hii mwambie mtu wa akaunti asimamishe deni la huyo mama mpaka jibu lirudi, halafu mpigie wewe mwenyewe umwambie asilipe chochote kwa sasa.

mama_wawili_tx
Akaunti wamesimamisha. Nimempigia, alikuwa ameshaanza kuulizia mkopo kanisani. Nimemwambia aache.