Naomba ushauri: nihifadhi wapi nyaraka za watu baada ya ulinzi wa iCloud kuondolewa Uingereza?

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Leicester, ni mkalimani wa watu wanaoomba hifadhi. Kwenye simu nina picha za vyeti vyao, hati za kukamatwa walikotoka, na sauti zao wakieleza walivyoteswa.

Februari 2025 Apple iliondoa hapa Uingereza ule ulinzi wa iCloud (hifadhi yao ya mtandaoni) ambao hata wao wenyewe hawakuweza kuufungua. Iliripotiwa kwamba serikali iliwadai njia ya kuingilia, kwa sheria ya upelelezi ya 2016. Amri za namna hiyo ni siri, kampuni hairuhusiwi hata kuzitangaza! Jumbe za iMessage bado zimefungwa kwa ufunguo ili mtu mwingine asizisome, ila bekapu (nakala ya akiba) ya kawaida ya iCloud, ambayo Apple inaweza kuifungua, hubeba na ufunguo wa jumbe hizo.

Mlango ukitobolewa kwa ajili ya polisi, mdukuzi naye atapita humohumo, na hawa watu bado wana ndugu nyumbani.

Nawaza kuzima bekapu na kuhamishia kila kitu kwenye diski ya nje kwa VeraCrypt, programu ya kufunga mafaili kwa nywila. Nani anaitumia kwa kazi kama hii? Diski ikifa mnafanyaje? Na kwa kuwa sheria nyingine ya upelelezi ya hapa, ya mwaka 2000, inaruhusu kudaiwa nywila, nimwone wakili kwanza?