Mjadala: Makala za amonia ya umeme zisizo na jaribio la naitrojeni nzito zikataliwe?

Mtoa hoja
Ndugu zangu, hoja yangu ni hii: jarida lisipokee makala inayodai kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea, kwa naitrojeni na umeme kama haina jaribio la naitrojeni nzito, yenye uzito wa 15 badala ya 14. Amonia ikitoka nayo nzito, tunajua imetoka kwenye gesi tuliyoiweka, si kwenye uchafu. Irudishwe hata kabla ya kufika kwa wahakiki.

Amonia inayodaiwa mara nyingi ni kidogo mno, na amonia iko kila mahali: kwenye pumzi ya mtafiti, kwenye jasho, kwenye glavu, kwenye Nafion, utando wa plastiki unaogawa chombo cha jaribio, unaoinyonya leo na kuitoa kesho. Mitungi ya gesi nayo hubeba oksidi za naitrojeni, na hizo hugeuka amonia kwa urahisi kuliko naitrojeni yenyewe. Mwaka 2019 watafiti walichapisha katika jarida la Nature utaratibu wa kuchuja madai haya. Kati ya mbinu walizozipima upya, ile inayotumia metali ya lithiamu ndiyo iliyosimama. Anayebuni kichocheo si lazima awe fundi wa kupima viasi vidogo namna hiyo, na mhakiki wake huwa wa fani ileile.

Mhadhiri, Morogoro
Ndugu, hayo ni ya wenye fedha. Lita moja ya naitrojeni nzito huuzwa kwa mamia ya dola. Sisi tunaoagiza sehemu kubwa ya mbolea kutoka nje ndio wenye haja kubwa ya amonia isiyotegemea gesi asilia na joto la nyuzi 400 kama ya viwandani. Tutafungiwa mlango. Argoni, gesi isiyo na naitrojeni, inatosha: iweke badala ya naitrojeni; amonia ikiendelea kutoka, ni uchafu.

Mwanafunzi wa uzamivu, Dar es Salaam
Shikamoo mwalimu. Argoni haitoshi. Uchafu ukiwa ndani ya mtungi wa naitrojeni, unapoweka argoni unauondoa pamoja na mtungi wake, na jaribio linaonekana safi. Hata gesi nzito imewahi kukutwa na amonia nzito ndani, kwa hiyo lazima isafishwe kwanza. Ila gesi ikizungushwa katika mfumo uliofungwa, kidogo tu kinatosha.

Msomaji, Mombasa
Mimi napinga sharti lolote la mlangoni. Machi 1989 wanaelektrokemia Fleischmann na Pons walitangaza huko Utah, mbele ya waandishi wa habari, muunganiko baridi wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vya atomi katika joto la kawaida. Makala yao ilipita ikachapishwa. Walioyaangusha madai yale ni watu wa maabara nyingine waliorudia jaribio wakatoka kapa. Chapisha, wenzako warudie.

Mtoa hoja
Kaka wa Mombasa, lile lilirudiwa kwa sababu dunia nzima ililisikia. Makala ya kichocheo cha kawaida nani atairudia? Hakuna anayepewa shahada kwa kurudia kazi ya mwenzake. Itanukuliwa tu, na mwanafunzi atapoteza miaka akijenga juu yake.

Mwalimu, suala la bei nalichukua kwa uzito wote, na bili hiyo naipeleka kwa wachapishaji. Mwaka 2020 Nature ilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja iliyo wazi kwa wote. Mchapishaji anayeweza kutoza hivyo anaweza kugharimia jaribio hilo katika maabara iliyo tayari, kwa kila makala iliyokwisha kupita kipimo cha argoni na ambayo mwandishi wake hana uwezo. Je, mwalimu, kwa sharti la namna hiyo bado unaona mlango umefungwa?