Mwanangu ana selimundu: je, nimpeleke kupimwa macho ilhali anaona vizuri?

Mama wa Newala:
Ndugu zangu, nawasalimu. Mwanangu wa miaka 13 anaishi na selimundu, anatumia haidroksiurea (dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa huo), na hajalazwa tangu msimu wa korosho uliopita. Macho yake huwa ya manjano, na bibi yake anashikilia kwamba umanjano huo ndio utakaompofusha. Mtoto mwenyewe anasoma ubaoni bila shida wala hana maumivu. Je, nisubiri dalili?

Tabibu, Lindi:
Mama, tafadhali usisubiri. Umanjano hutokana na chembe nyekundu za damu kuvunjika mapema, nao haupunguzi uwezo wa kuona. Hatari iko ndani ya jicho upande wa nyuma, kwenye retina, yaani utando unaopokea mwanga, ambako chembe zilizojikunja kama mundu huziba mishipa midogo, hasa ya pembezoni, mahali ambapo mtu hapatumii kusomea. Kwa hiyo mtoto aweza kusoma ubaoni huku pembezoni mwa retina pamekosa damu. Hapo huota mishipa mipya iliyo dhaifu, yenye umbo la matumbawe yaliyochanua kama upepeo. Mingine hunyauka yenyewe, lakini mingine huvujisha damu ndani ya jicho au huivuta retina hadi ibanduke. Ikigunduliwa mapema, daktari bingwa aweza kuidhibiti kwa leza. Upimaji huanza akiwa na miaka 10, kwa matone ya kupanua mboni, na akikutwa salama hurudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kaka wa Masasi:
Dada yangu, mimi pia nina selimundu. Niliamka asubuhi moja nikaona masizi yanaelea mbele ya jicho la kushoto, ilhali jana yake nilikuwa nasoma gazeti. Sikuwa nimepimwa macho hata mara moja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mama wa Newala:
Nimeelewa, nitampeleka wiki hii. Je, mdogo wake aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu yuko salama?

Tabibu, Lindi:
Kwa kawaida yuko salama, isipokuwa akipigwa jichoni, tuseme na mpira, damu ikatuama mbele ya mboni. Humo oksijeni ni kidogo, hivyo hata chembe zake hujikunja, zikaziba njia ya kutokea maji ya jicho, na presha ikapanda. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mtajieni daktari kinasaba hicho kabla mtoto hajapewa dawa, kwa kuwa asetazolamidi, inayotumika kushusha presha ya jicho, yaweza kuzidisha kujikunja huko.