Kikundi cha familia: Da Mkubwa na treni ya Needleton

JUMATATU

Da Mkubwa: Shikamooni wote. Kesho asubuhi napanda ile treni ya Durango kwenda Silverton, hapa Colorado. Tuko wanne. Tunashuka njiani, Needleton, halafu kama kilomita 10 kwa miguu, kupanda tu, hadi Chicago Basin, bonde la juu milimani. Narudi Alhamisi. Huko mtandao hakuna kabisa, msiogope.

Mama: Marahaba. Bibi anauliza, mnashuka njiani wapi? Kuna watu?

Da Mkubwa: Hakuna kijiji, Bibi. Ni mto Animas, daraja la kuvukia kwa miguu na msitu. Hata gari halifiki.

Mjomba: Treni ya mvuke hiyo? Reli ina upana gani?

Da Mkubwa: Ya mvuke, Mjomba. Reli ya tangu 1882, milimita 914.

Mjomba: Nyembamba kuliko Reli ya Kati, yetu ni 1,000. TAZARA 1,067. Ndiyo maana waliweza kuipitisha ubavuni mwa milima, reli nyembamba inakubali kona kali. Kaeni upande wa kulia mlione bonde.

Shangazi: Na dubu je?

Da Mkubwa: Wapo, Shangazi. Chakula chote kinakaa kwenye kopo gumu la kufunga, hata dawa ya meno, mbali na hema. Kuni haziruhusiwi kule, tunapikia gesi. Na gesi yenyewe haikai na abiria, inapanda behewa la mizigo.

Mama: Kurudi je, mwanangu? Dereva atajuaje kama mpo?

Da Mkubwa: Hapo ndipo penyewe, Mama. Usipoisimamisha inapita. Unasimama kando ya reli, unapunga mikono chini, kwenye magoti, inapishana hivi ✖️. Ukipunga juu ya kichwa anajua unamsalimia, anakupigia honi anakwenda zake. Jana nimewafundisha wenzangu sebuleni mpaka wameelewa.

ALHAMISI

Mama: Huko saa ngapi sasa? Bibi hajalala.

Kitindamimba: Hapa saa saba usiku, kwa Da Mkubwa saa kumi jioni. Ndiyo saa za treni kushuka.

Mama: Ya Rabi, wapunge chini.

Da Mkubwa: Nimefika Durango salama!! 🙏 Honi tuliisikia mbali kabla hatujaona kitu. Ukaja moshi, ikaja taa. Nikainama nikapunga hadi mgongo ukauma. Ikatuitikia kwa honi, ikaanza kupunguza, behewa likasimama mbele yangu kabisa. Nililia, Mama.

Mama: Alhamdulillah. Bibi amesikia, sasa anazima taa.

Shangazi: Ulikula nini huko mama?

Da Mkubwa: Ugali, Shangazi, ila ulichelewa kuiva. Pale ni zaidi ya mita 3,300, maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa. Asubuhi mbuzi wa milimani, weupe pee, wametuzunguka. Wanatafuta chumvi ya haja ndogo. Inabidi ujisaidie juu ya mwamba, ukijisaidia kwenye majani wanachimbua mpaka mizizi.

Mjomba: Picha ya kichwa cha treni unayo? Piga upande wa magurudumu.