Fremu ya chuma kutoka China kwa ghala la zamani la Kurasini

Mwenye ghala:
Ndugu wajuzi, nina ghala kuukuu la matofali huko Kurasini, Dar es Salaam, ambalo nakusudia kulibomoa na kubakiza ukuta wa mbele tu, kisha nisimamishe jengo la ghorofa mbili kwa fremu ya chuma iliyokatwa na kutobolewa kiwandani China. Bei ni nafuu kuliko ya zege, lakini fundi wangu anashikilia kwamba chuma hakidumu pwani. Je, ni kweli?

Mhandisi wa miundo:
Fundi wako ana hoja, ingawa kasoro huwa kwenye kinga kuliko kwenye chuma chenyewe. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na rangi ikichubuka safarini, kutu huanzia papo hapo. Dai vipande vilivyozamishwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa kiwango cha ISO 1461, ambacho kwa chuma kinene kupita milimita 6 hutaka unene wa zinki wa wastani usiopungua mikroni 85. Kagua pia cheti cha kiwandani: katika Q235 na Q355, majina ya madaraja ya chuma cha China, tarakimu hizo ni mkazo, kwa megapaskali, ambao chuma chembamba kikiuzidi hupinda kisirudi.

Wakala wa forodha:
Uliza hiyo bei inaishia wapi. Ikiishia bandari ya China, bado kuna nauli, bima, ushuru na gharama za bandari ya hapa. Kontena la futi 40 lina takribani mita 12 kwa ndani, kwa hiyo boriti ndefu zaidi itakatwa na kuungwa kwa boliti, na maungio hayo yawemo kwenye michoro.

Mkandarasi:
Mimi niliponzwa na boliti za msingi, zile zinazozikwa kwenye zege ili kufungia nguzo. Tulimwaga zege kabla ya kupata michoro ya mwisho, na nguzo zilipowasili matundu yalipishana na boliti kwa milimita 30, tukachimbua misingi sita. Agiza boliti na kiolezo chake, yaani bamba lenye matundu la kuzipangia, vitangulie. Fundi asipanue tundu kwa moto, kwani huunguza zinki.

Mwenye ghala:
Nashukuru. Na ukuta wa mbele, naweza kuuegemeza kwenye fremu mpya?

Mhandisi wa miundo:
Ndiyo, kwa viungio vinavyoruhusu mwendo kidogo, maana chuma na matofali havitanuki sawasawa juani. Ila utegemezwe kwa mihimili ya muda kabla ya kuezua paa, kwa kuwa huenda paa hilo ndilo linaloushikilia.