Tupeane uzoefu: gari lililotembea sana likianza kula oili, ulijuaje tatizo liko wapi?

Spana Kumi:
Wakuu, gari langu limeshatembea kilomita 287,000. Juzi taa ya oili iliwaka nikiwa nakata kona. Nikasimama, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu, na ni wiki sita tu tangu nibadilishe oili. Chini halidondoshi hata tone. Fundi wa kwanza alisikiliza mlio akaniambia ringi za pistoni zimekwisha, tufungue injini. Hakupima chochote. Naomba aliyepitia hili aseme alianzia wapi na alikuta nini kwa macho yake.

Kijiti Kikavu:
Pole mkuu. Anza na daftari. Mimi kila Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa palepale penye usawa, napima na kuandika kilomita. Kwa magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Langu lilikuwa linamaliza lita hiyo kila kilomita 900.
Kuna kitu kilinidanganya, nakwambia ujihadhari nacho. Kipindi cha safari fupifupi kijiti hakikushuka kabisa, nikafurahi. Nikaenda safari moja ndefu, oili ikashuka ghafla. Kumbe petroli isiyoungua ilikuwa inateremka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba pengo, injini ilipopata moto wa kutosha petroli yote ikageuka mvuke. Tangu siku hiyo nanusa kijiti kabla ya kukifuta.

Mama Mteremko:
Langu lilijieleza kwa moshi. Asubuhi likiwaka, wingu la bluu, kisha safi. Tena nikiteremka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, nikikanyaga tu kule chini, wingu jingine. Nilimwomba kaka yangu anifuate nyuma na gari lake, akarekodi.
Zilikuwa sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isiteremke kwenye silinda kupitia valvu. Fundi alinipa moja mkononi, nikaibonyeza kwa kucha: haikubonyea, ikapasuka kama plastiki ya zamani. Na hakufungua injini. Alijaza upepo kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke, akatoa springi, akabadilisha moja moja. Ndugu yangu, usikubali kufunguliwa injini kabla hujajua moshi wako unatoka saa ngapi.

Gasketi:
Valvu ya PCV kwanza, ile inayotoa mvuke ndani ya injini! Yangu ilikwama ikiwa wazi, ikawa inavuta mvuke wa oili kwenda kwenye manifoldi, njia ya hewa inayoingia kwenye silinda. Ule mpira wake ulikuwa umelowa ndani. Kipuri kidogo sana, na ulaji ukaisha.

Fundi Mwenye Geji:
Miaka 19 nafanya kazi hii. Wote mmesema kweli, ila niongeze kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Mteja alikuja, nikapima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), silinda zote nne zikasoma karibu sawa. Nikatia kijiko cha oili kila silinda nikarudia, namba hazikupanda, na ringi zilizochakaa huwa zinapandisha namba oili ikiziba. Nikamwambia ringi zako nzima. Baada ya mwezi akarudi, analia na oili ileile.
Geji inapima ringi mbili za juu. Ringi ya tatu, ya kukwangua oili, haionekani kwenye geji. Nilipotoa pistoni zake nikakuta ringi hiyo imeganda kwenye mfereji wake, na vile vitundu vya kurudishia oili vimezibwa na masizi magumu kiasi kwamba nilivizibua kwa sindano kimoja kimoja. Kompresheni nzuri haithibitishi kwamba ringi ya oili ni nzima, wapendwa. Siku hizi natazama plagi kwanza: silinda inayokula oili plagi yake inatoka nyeusi na imelowa. Kisha naingiza kamera. Kingo za pistoni zikiwa zimeoshwa safi wakati katikati kuna masizi, oili inapanda pembeni.

Kijiti Kikavu:
Na kuhamia oili nzito? Mimi nilitoka 5W-30 nikaenda 20W-50. Moshi ulipungua wiki chache, kisha taa ya injini ikawaka.

Fundi Mwenye Geji:
Injini za kisasa njia zake za oili ni nyembamba, mkuu. Unaficha dalili, na baridi ya asubuhi inakuumiza.

Spana Kumi:
Wakuu, nimerudi. PCV nzima. Moshi hautoki asubuhi, unatoka nikikanyaga sana. Plagi ya 2 na ya 3 zimelowa, kompresheni sawa kabisa. Nikahisi ni ringi ya oili kama alivyosema fundi, nikaweka dawa ya kuyeyusha masizi juu ya pistoni usiku kucha, kisha nikapiga stata plagi zikiwa nje.

Fundi Mwenye Geji:
Hapo umefanya vema sana. Kimiminika hakibanwi, plagi zingekuwa zimefungwa ungepinda mkono wa pistoni. Oili umemwaga?

Spana Kumi:
Nilimwaga siku ileile, ilitoka nyeusi tii. Lita moja iliyokuwa inaisha kilomita 1,100 sasa imefika 2,600. Bado inakula, lakini injini haijafunguliwa. Jumapili napima tena.